Chai ya Marehemu

Mara ya kwanza nilipomwona alikuwa amelala ndani ya jeneza kwenye bustani moja ya Lavington, amevaa suti ya kijivu, na mimi nilikuwa nimeajiriwa kumlilia. Tulikuwa waombolezaji wa kukodiwa, tuliookotwa asubuhi hiyo Kawangware kwa ajili ya tamthilia ya runinga. Mwongozaji alipopaza sauti kwamba imetosha, tulifuta machozi na kukimbilia sufuria ya chai. Maiti peke yake ndiye aliyebaki pale pale. Nikadhani amepitiwa na usingizi. Kisha mama mmoja aliyekuwa akigawa vikombe akaenda mpaka kwenye jeneza, akainama, akasema kwa heshima, "Mzee, chai iko tayari."

"Ni ya nani?" maiti akauliza, macho yamefumbwa.

"Ni yako. Njoo."

Ndipo akafumbua macho, akaketi, akaanza kutafuta patipati zake za mpira kwenye nyasi.

Jina lake nalijua, lakini nikiliandika hapa nitakuwa namtaja mtu ambaye hakuna anayemfahamu. Mjini aliitwa Marehemu. Wenye kioski walimwita hivyo, makanga wa matatu walimwita hivyo, na naamini hata mwenye nyumba wake pale Kangemi alipomgongea mlango aliita, "Marehemu, uko?" Naye akajibu yuko.

Kazi yake ilikuwa kufa. Tamthilia zetu nyingi huanza kwa tajiri kufa ghafla ili watoto wapate la kugombania, na tajiri huyo karibu kila mara alikuwa yeye. Alikuwa na sura ya mtu mwenye mashamba: mashavu mazito, mvi za kando, kitambi cha heshima, na sauti nzito iliyokufanya ufikiri amekukatalia mkopo hata alipokuwa anakuomba chumvi. Alikufa kwa sumu kwenye supu, kwa moyo, kwa kusukumwa ngazini, na mara moja kwa habari mbaya tu. Katika miaka yote hiyo alitaka kitu kimoja: kufika episodi ya mwisho akiwa hai.

"Nataka kuona hadithi inaishaje nikiwa ndani yake," aliniambia. "Kila mara mimi husimuliwa na watu wa mtaa. Ati mtoto wangu wa pili ndiye aliniua. Mimi nilikuwa nampenda sana huyo kijana."

Mimi ni mtu wa kutotulia. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo nimevuta mkokoteni, nimelinda mageti, nimeita wateja wa kusukwa nywele Kenyatta Market, nimebeba taa za wapiga picha. Nilipochoka na kazi moja nikaingia nyingine, mara nyingi nilimkuta Marehemu huko, amekufa au anajiandaa. Na kwa kuwa napenda kuuliza, nilimuuliza habari ya chai.

Alisema alifunzwa na mwigizaji mkongwe, enzi za ujana wake kwenye jukwaa la mjini. Mtu aliyelazwa jenezani, hata kwa mchezo, hajiinui mwenyewe. Akijiinua, mwili utazoea kwenda na kurudi bila ruhusa, na siku moja utakwenda ukajisahau. Sharti mtu mzima mwenye uhai amwite.

"Sasa mbona wasikuite jina?"

"Jina wanalo hata huko," akasema. "Chai hawana."

Na lazima aulize ni ya nani, kwa sababu mtu huwezi kuamka kwa chai ya mwenzako. Wafanyakazi wa kamera walilijua sharti hilo kama walivyojua kutokanyaga nyaya. Mwongozaji mmoja mgeni aliwahi kumwamsha kwa kumgonga bega, na Marehemu akalala palepale hadi mtu akatumwa dukani kununua majani ya chai.

Kufa kwenyewe alikuchukulia kama fundi anavyochukulia mbao. Alisema wanaoanza hukosea kwa kubana pumzi, kisha wanapasuka kama tairi katikati ya sala. Yeye alipumua kwa mbavu za upande wa chini, ndani ya koti lililoshonwa kubwa makusudi. Hakula chochote kabla ya kulazwa, kwa maana tumbo halijui kuigiza. Siku moja lilimponyoka hata hivyo, likanguruma kwa muda mrefu, na mchungaji wa kuigiza, kijana mwenye akili, akainua mikono juu na kusema, "Hata mwili unaitikia, Bwana." Kipande hicho kilionyeshwa vilevile. Watu wa mtaa wetu walisema ni mahubiri mazuri.

Majeneza yalikodiwa kwa fundi mmoja ambaye baadaye aliyapiga msasa na kuyauza kama mapya. Marehemu alilijua jambo hilo na lilimpa fahari ya ajabu. "Kuna waheshimiwa wamelala huko chini," alisema, "ndani ya majeneza niliyowapashia moto mimi."

Akishazikwa, picha yake ilitundikwa sebuleni kwa tajiri, imefungwa utepe mweusi, na watoto waliendelea kugombana chini yake msimu baada ya msimu. Katika tamthilia moja yeye alifanya kazi ya asubuhi moja, picha ikafanya miaka. Alimwendea mtayarishaji, nami nikimsindikiza, kuuliza kama kutazama watu kutoka ukutani hakuhesabiki kuwa ni uigizaji. Mtayarishaji alicheka mpaka akakohoa. "Picha yangu imeajiriwa," Marehemu akaniambia tulipotoka, "mimi mwenye uso ni kibarua."

Jukwaani mambo hayakuwa tofauti sana. Wanafunzi wa sekondari huletwa mjini kwa mabasi kutazama tamthilia wanazotahiniwa, nao hukaa na vitabu mapajani wakifuatilia mstari kwa mstari. Mimi niliacha shule kabla ya kuvifikia vitabu hivyo, kwa hiyo nilikuwa nasimama nyuma ya ukumbi na kuvisoma kwenye uso wa Marehemu. Alikuwa mfalme, na mfalme aliuawa kabla ya mapumziko. Siku moja alijaribu kuchelewesha. Kisu kiliingia, akapepesuka, akashika nguzo, akaanza kuwaaga mawaziri mmoja mmoja kwa maneno ambayo hayakuandikwa popote.

"Hiyo haiko kwa kitabu!" msichana mmoja akapaza sauti.

"Ukurasa umeisha, mzee! Kufa!" wengine wakaitikia, ukumbi mzima ukaanza kupiga makofi wakisema, "Kufa! Kufa!" Walimu wao wakacheka. Marehemu akawatazama kwa huzuni kubwa, akafa. Alisema hiyo ndiyo hadhira yenye nidhamu kuliko zote alizowahi kuzichezea.

Tajiri huyu aliishi chumba kimoja, na nyumba alizozijua vizuri kuliko chumba chake zilikuwa za Lavington, kwa sababu amekufa katika kadhaa. Siku zisizo na kazi alipenda kutembea kule kwa miguu, koti begani. Wakati huo mimi nilikuwa nalinda geti moja pamoja na mwenzangu kutoka Vihiga. Mwenzangu alipomwona alisimama wima, akapiga saluti, akafungua geti lote kama anayepisha gari. Marehemu hakusita. Aliingia, akazunguka bustani, akayapapasa maua kwa kidole, akarudi.

"Haya waridi yanataka maji," akasema. "Mwambie mwenye nyumba nimepita."

"Sawa, mkubwa."

Alipokwisha kata kona mwenzangu akaniuliza, "Huyo si ndiye alikufa na sumu?"

"Ndiye."

"Na mbona nimemfungulia?"

Waridi yalimwagiliwa jioni ileile.

Lakini mtu huyu, aliyezikwa mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua, hakuhudhuria mazishi ya kweli. Alituma udhuru: ana kazi, ana mafua, amesafiri. Nilimwona ni mwoga, nikamwambia hivyo, na hapo ndipo aliponieleza. Zamani alifiwa na jirani, fundi cherehani, mtu aliyempenda. Akaenda, akaketi nyuma. Mshehereshaji akamwona, akamwita aseme mawili matatu. Alipokaribia jeneza, mtoto mmoja akapiga kelele, "Mama, leo Marehemu amesimama!" Vicheko vikaanza kwa watoto, vikapanda kwa vijana, na mwisho mjane mwenyewe akajifunika leso usoni, mabega yakimtikisika, na hakuwa akilia.

"Nilimharibia mzee wa watu siku yake," alisema.

Nilikuja kukutana na mjane huyo Kenyatta Market, akiuza mboga. Aliniambia kwamba siku ile ndiyo alipovuta pumzi mara ya kwanza tangu mumewe afariki, na kwamba alimtafuta Marehemu amshukuru, lakini mzee kila akimwona alihamia upande wa pili wa barabara. Nilimpelekea salamu hizo. Marehemu alizisikiliza, akasema anafurahi, na wiki iliyofuata nikamwona akivuka barabara.

Kisha siku moja akanipigia simu, yeye ambaye hupiga mara moja na kukata. Safari hii aliacha mpaka nikapokea.

"Kijana," akasema. Mimi nilikuwa na umri wa kuitwa baba wa watu. "Kijana, nimepata. Naishi."

Ilikuwa tamthilia mpya. Yeye ni babu mwenye kampuni na ukoo wenye vurugu, na katika episodi ya mwisho atamshika mkono mjukuu wake kumpeleka kanisani. Mtayarishaji alikuwa amemwapia. Tulikutana mjini kusherehekea, na nilimkuta ndani ya duka la viatu, soksi moja mkononi. Maiti hupigwa picha kuanzia kifuani kwenda juu, kwa hiyo kwa miaka yote ile alikufa miguu mitupu, na patipati zikimngoja chini ya jeneza. Sasa angetembea mbele ya kamera. Alichagua viatu vyeusi vya kamba na kutembea navyo dukani huku na huku, akijitazama kwenye kioo kuanzia magotini kwenda chini.

Tamthilia ilipendwa. Tatizo ni kwamba watazamaji wa nchi hii walikuwa wamemzoea. Episodi ya kwanza ikaisha yu hai, ya pili vilevile, watu wakawa hawaulizani kingine. Mitandaoni waliandika, "Na huyu Marehemu anangoja nini?" Pale nilipokuwa naita wateja, dada wasusi walibishana kama itakuwa sumu au ngazi. Kila babu alipoinua kijiko, saluni nzima ilinyamaza. Mtayarishaji, ambaye alikuwa amemwapia, aliyasoma hayo yote na kugundua kwamba taifa linaomba kitu na yeye ana uwezo wa kukitoa. Wakamwandikia kifo cha moyo, kifuani kwenda juu.

Niliachana na saluni nikarudi kulia kwa kukodiwa, kwa sababu nilitaka kuwepo. Nyumba ilikuwa ileile ya Lavington nilikomwona mara ya kwanza. Mwongozaji alikuwa dada wa umri mdogo, mpole, mchapakazi, ambaye hakuwahi kumzika Marehemu hata mara moja. Mambo yalikuwa yamebadilika: wafanyakazi wa kamera walikuwa wapya, sufuria ya chai ilikuwa imeondolewa, siku hizo tuligawiwa maji ya chupa. Mzee alilazwa jenezani. Sikuona patipati chini yake. Nilipopita mstarini kutoa heshima za mwisho niliinamisha kichwa, nikaona amevaa viatu vyeusi, kamba zimefungwa vizuri.

Tulilia vya kutosha. Dada mwongozaji akakata, akashukuru kila mtu, watu wakaanza kukunja nyaya. Mwenye nyumba alikuwa njiani anarudi. Fundi wa jeneza akasogea.

"Ebu mzee atoke, nipeleke hii jeneza. Nina mteja anangoja."

Mzee hakutoka.

"Mzee, tumemaliza," dada mwongozaji akasema. Akamgusa mkono. Akamgusa tena. "Mzee? Tafadhali usitufanyie hivyo."

Msichana wa vipodozi akapiga ukwenzi ambao ungetufaa sana dakika chache nyuma. Mlinzi akavua kofia. Waombolezaji, ambao walikuwa wamekwisha kulia machozi yao yote, wakatazamana wasijue kama kulia tena ni kazi ya ziada. Fundi akakuna kichwa. "Sasa ikiwa ni ukweli," akauliza taratibu, "ataenda na hii, ama familia iko na yao?"

Nilitazama mbavu za upande wa chini. Koti lilikuwa linapanda na kushuka, polepole, kwa ufundi. Hakuwa amekufa. Alikuwa amegoma, na kwa wakati uleule alikuwa amenasa, kwa sababu hata kama angetaka kuamka, hapakuwa na mwingine pale aliyejua kumwita, wala chai ya kumwitia.

Nikakimbilia jikoni. Dada wa kazi alikuwa akitazama yote dirishani.

"Nisaidie na chai, dada. Haraka."

"Ya nani?"

"Ya Marehemu."

Hakushangaa hata kidogo. "Anaweka sukari?"

"Nyingi."

Nilitoka na kikombe kikifuka moshi, nikaenda mpaka kwenye jeneza, watu wote wakanipisha. "Mzee," nikasema, "chai iko tayari."

Halafu, bila mdomo kusogea sana: "Ni ya nani? Ya huyu maiti, ama ya yule babu wa harusi?"

Mtu mmoja nyuma yangu akadondosha chupa.

"Ni yako, mzee. Njoo."

"Muulize dada. Mimi ya maiti nimekunywa ya kutosha."

Dada mwongozaji alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Aliitazama nyumba, akalitazama jua, akamtazama mpiga picha, ambaye katika mkanganyiko ule hakuwa amezima kamera. Naamini alipiga hesabu zote hizo mara moja. Akainama jenezani.

"Ya babu wa harusi," akasema, kisha akamwita babu kwa Kikuyu. "Amka, guka."

Aliamka. Alikaa wima katikati ya maua, akanyoosha mkono, akachukua kikombe, akanywa. Waombolezaji waliokuwa mbali, ambao hawakusikia mazungumzo, walikimbia mpaka geti la nje, na kukimbia kwao ndiko uigizaji bora ulioonekana runingani mwaka ule. Kila kitu kilionyeshwa. Sauti inayosema chai iko tayari ni yangu, na wanaonijua walisema nimeisema vibaya.

Siku iliyofuata onyesho hilo nchi nzima ilikuwa ikizungumza habari za babu aliyefufuka. Dada mwongozaji alikwisha anza kuandika harusi. Lakini mfadhili wa kipindi alikuwa kampuni inayouza bima ya mazishi, na wakubwa wake waliona kwamba mteja anayeamka kwa kikombe cha chai ni mfano mbaya. Wakajitoa. Kituo kikakata kipindi palepale, bila hata ya kuaga. Ile ya kufufuka ikawa ndiyo episodi ya mwisho.

Nilimpigia kumpa pole. Alikuwa akicheka peke yake kabla sijasema neno. "Umeona?" akasema. "Nimekizika kipindi."

Mara ya mwisho tuliyoketi pamoja ilikuwa Kenyatta Market, mchana, moshi wa nyama ukitupita usoni. Alikuwa amepungua. Kile kitambi cha heshima kilikuwa kimekwenda, na koti lililoshonwa kubwa makusudi sasa lilikuwa kubwa bila makusudi. Alikuwa ametoka hospitali, Parklands, na hakutaka kusema alichoambiwa huko, ila aliagiza nyama na hakuila. Viatu vyeusi vilikuwa vinang'aa.

Msichana aliyeleta ugali alisimama akamkazia macho. "Si wewe ndio ulifufuka?"

"Ndimi."

"Na huko kulikuwa aje?"

"Hakuna chai," Marehemu akasema, na msichana akaenda kuwaambia wenzake jikoni, tukasikia wanavyocheka.

Akaniuliza niko kazi gani sasa. Nikamwambia nimeitwa Naivasha kwenye mashamba ya maua, naondoka kesho, labda nitakaa, labda sitakaa. Akatikisa kichwa kama mtu aliyejua jibu. Aliisukuma sahani ya nyama upande wangu.

"Huko Naivasha simu zinashika?"

"Zinashika."

"Basi utasikia. Na ukisikia, uje." Aliangalia viatu vyake. "Wale wa kunizika hawajui utaratibu. Watalia, wataimba, watamleta mtu wa maikrofoni. Wewe subiri wamalize. Kisha uje na kikombe, uniite, mara moja tu, sauti ya kawaida. Usiseme kama unasoma, kama siku ile."

"Na usipouliza ni ya nani?"

Alifikiri. Mezani palikuwa na kikombe chake, hakijaguswa, na ngozi ya maziwa ilikuwa imeanza kutanda juu.

"Nisipouliza, ni yako," akasema. "Uinywe hapohapo, kabla haijapoa."